Sauti imepishana na midomo? Rangi imepauka? Soma kabla hujamkabidhi mteja flashi

Ndugu zangu wenye vibanda vya kuhamisha video, hasa huku kwetu Tukuyu, Kiwira na Ushirika, somo la leo ni lenu.

Wateja wengi wana DVD za harusi, kipaimara au msiba, lakini deki zimeshakufa. Wanataka video iingie kwenye flashi. Ni kazi nzuri, ila mimi iliwahi kuniumbua. Mama mmoja alileta DVD ya harusi yake, ndani marehemu baba yake anatoa nasaha. Nikabadili, nikampa. Kesho yake karudi: mzee anafunga mdomo, sauti ndo inaanza. Akaniambia, "Mwanangu, sauti ya baba nimebaki nayo hii tu." Nikairudia bure, na somo nikalipata.

Kanuni ni moja: usirekebishe kitu kabla hujajua ni kosa la aina gani.

Cheza kwanza DVD yenyewe kwa VLC. Kama hata huko imepishana, kosa lilikuwemo tangu zamani, mwambie mteja mapema. Kama iko sawa, kosa limetokea kwako. Sasa kagua faili jipya sehemu 3: mwanzo, katikati na mwisho.

1. SAUTI IMEPISHANA KIASI KILEKILE KOTE
Hii ndo rahisi. Kwenye VLC ya Windows, herufi K inachelewesha sauti na J inaiwahisha, kila mbofyo ni milisekunde 50. Ukibofya K mara 6 ikakaa sawa, sauti ilitangulia kwa milisekunde 300. Lakini VLC hairekebishi faili lenyewe. Nenda kwenye programu ya kuhariri, sogeza sauti kiasi hicho, kisha hifadhi upya.

2. INAZIDI KUPISHANA KADIRI VIDEO INAVYOENDELEA
Dakika ya 10 imepishana nusu sekunde, saa 1 imefika sekunde 3. Hapo usisogeze sauti, utajichosha bure. Kagua kasi ya picha. DVD za mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, zina picha 25 kwa sekunde. Za NTSC zina 29.97. Kwenye HandBrake chagua "Same as source" pamoja na "Constant Framerate", kisha badili upya.

3. INARUKA GHAFLA SEHEMU MOJA
Mara nyingi ni mkwaruzo au uchafu. Rungwe yetu mvua haikauki, na diski zikikaa kwenye unyevu huota ukungu. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Nakili diski yote kwenye kompyuta kwanza, ndo ubadili. Pia usibadili mafaili ya VOB moja moja halafu uyaunge. DVD hukata video vipande visivyozidi GB 1, na kwenye maungio ndiko sauti huteleza. Fungua folda nzima ya VIDEO_TS.

RANGI SASA
Kabla ya kugusa chochote, tazama faili kwenye skrini 2 tofauti. Huenda TV ya kibandani ndo mbovu.

Nyeusi imekuwa kijivu, picha kama ina vumbi? Video ya DVD huweka nyeusi kwenye namba 16 na nyeupe kwenye 235. Programu ikidhani ni 0 hadi 255, picha inapauka. Ikikosea kinyume chake, suti nyeusi inakuwa doa na shela linapoteza marinda. Rekebisha setingi hiyo, usiongeze mwanga kwa kubahatisha.

Unarekodi kutoka kwenye deki kwa waya wa njano na picha inatoka nyeusi na nyeupe? Kagua kama kifaa chako kimewekwa NTSC wakati deki inatoa PAL.

MWISHO
Usifute nakala ya kwenye kompyuta mpaka mteja aitazame na kuridhika. Na hii ni kwa video za mteja mwenyewe. Filamu na nyimbo za wasanii zina wenyewe, na COSOTA wapo.

Dakika 5 za kukagua zinakuokoa kurudia kazi ya saa 2. Mtumie mwenzako mwenye kibanda.