Upepo wa Tairi: Pima Asubuhi Kabla ya Kutoka Olympic

Tairi lenye upepo mdogo huchakaa kingoni, hulifanya gari litumie mafuta zaidi, na hupata joto jingi hata likaweza kupasuka. Lenye upepo kupita kiasi huchakaa katikati na hushika barabara vibaya, hasa wakati wa mvua. Kwenye Kibera Drive, watoto wa shule, wachuuzi na mikokoteni huwa hatua chache tu kutoka kwa magari. Gari likimshinda dereva hapo, haumii peke yake.

Kiwango sahihi ni kipi?

Tazama kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi, kwani hicho ni kiwango cha juu ambacho tairi halifai kupita. Magari mengi nchini yaliletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na vibandiko vyake huonyesha kPa, ilhali geji zetu nyingi husomwa kwa PSI. Gawanya kPa kwa 6.9 upate PSI: 220 ni kama 32, na 240 ni kama 35.

Hatua za kufuata

1. Pima nyumbani asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukiendesha gari hadi kituo cha mafuta cha Ngong Road kwanza, tairi litapata joto na geji itasoma juu kuliko hali halisi.

2. Fungua kifuniko cha valvu, kisha ubane geji sawasawa. Ukisikia upepo ukitoka, haijakaa vizuri, rudia.

3. Andika upungufu wa kila tairi. Mfano: linahitaji 32, limesoma 27, upungufu ni 5.

4. Ukifika kituoni, ongeza upungufu huo huo juu ya kile geji inachosoma pale. Ikisoma 30, jaza hadi 35.

5. Usipunguze upepo tairi likiwa na joto. Likipoa litabaki na upepo mdogo.

6. Rudisha vifuniko vya valvu, kisha upime spea.

Rudia kila mwezi na kabla ya safari ndefu. Tairi moja likipungua kila mara kuliko mengine, usiendelee kulijaza tu. Lipeleke kwa fundi wa pancha akague kama lina msumari au valvu mbovu.