Ordinatere na kadena ya virusi: namna dawa za kuzuia enzimi zinavyotafutwa



Juma lililopita, baada ya somo la enzimi, mabishano yalianza katika kalasi yetu, yakaendelea mpaka kwenye robine ya maji. Mmoja wetu alisema: "Siku hizi ordinatere njo inatafutaka dawa. Sisi tunajifunza kemia juu ya nini?" Mwingine akaongeza neno ambalo lilitusumbua zaidi: "Kama dawa ya SIDA inafungaka kadena ya virusi, mtu akikunywa mwezi moja inatosha. Virusi vyote vitakufa." Hatutamtaja. Lakini tuliona wengine wamenyamaza, na sisi wote tunajua kwamba katika nyumba nyingi kuko watu wanaokunywa dawa hizo kila siku. Basi sisi wa kalasi ya mwisho ya Biolojia-Kemia tumeandika somo hili. Tumechagua mfano mmoja tu, ule wa dawa za SIDA, sababu unajibu maneno yote mawili.

Kwanza tukumbuke enzimi ni nini. Ni proteini inayofanya kazi moja katika mwili, na kuifanya upesi sana. Katika mate yetu kuna enzimi inayokata wanga: tafuna mukate muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu. Kila enzimi ina shimo lenye umbo lake, na kitu kinachokatwa lazima kiingie sawasawa katika shimo lile. Mwaka 1894 Emil Fischer, mwana-kemia wa Ujerumani, alilinganisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake. Sisi tunasema kadena. Kizuizi cha enzimi ni ufunguo wa uongo: unaingia, hauzunguki, unabaki mle ndani, na ufunguo wa kweli unakosa nafasi.

Sasa tutazame virusi vya SIDA. Vikiisha kuingia katika seli ya damu, vinailazimisha itengeneze minyororo mirefu ya proteini. Mnyororo ule haufai kitu mpaka ukatwe vipande vipande. Mkasi wa kuukata ni enzimi ya virusi venyewe, inaitwa proteazi. Mkasi ukizuiwa, virusi vipya vinatoka kwenye seli, lakini ni kama tofali ambalo halijachomwa: sura iko, nguvu hakuna. Haviwezi kuambukiza seli nyingine.

Mkasi huu una umbo gani? Hapa ndipo hesabu ilianza kusaidia. Mwaka 1987 Laurence Pearl na William Taylor, huko Uingereza, walitengeneza mfano wake kwa ordinatere kabla ya mtu yeyote kuuona. Walisema proteazi lazima iwe nusu mbili zinazofanana kabisa, zimeshikana. Mwaka 1989 wachunguzi walifaulu kuifanya proteazi kuwa fuwele, kama vile chumvi inavyoganda, wakapitisha ndani yake miale ya X, ile tunayopigwa hospitalini tukivunjika mfupa. Ilikuwa kweli: nusu mbili. Kila nusu ni asidi amino 99, kama shanga 99 katika uzi mmoja. Katikati kuna shimo, na ndani ya shimo ushanga wa 25 wa nusu moja unatazamana na ushanga wa 25 wa nusu nyingine. Hizo mbili ndizo zinazokata. Juu yake kuna vifuniko viwili vinavyofunguka na kufungika kama mlango wa mabawa mawili.

Je, ordinatere inafanya nini na umbo hilo? Watu wanafikiri inaona picha. Hapana. Inapewa orodha ya namba: kila atomu ina namba tatu zinazoonyesha mahali pake. Kwa namba hizo inahesabu umbali kati ya atomu na atomu, kwa teorema ile ile ya Pythagore tuliyojifunza hapa. Atomu zikikaribiana mno, zinasukumana. Umeme wa kuongeza na umeme wa kupunguza unavutana. Mashine inajumlisha kusukumana kote na kuvutana kote, inaandika jumla. Kisha inageuza ile molekuli ya dawa kidogo, inahesabu tena.

Inaonekana rahisi? Tufanye hesabu. Molekuli ya dawa si ufunguo wa chuma, inajikunja. Tuseme ina viungo 10 vinavyoweza kuzunguka, na kila kiungo kina namna 3 za kukaa. Ni 3 mara 3 mara 3, hivyo mara kumi: tunapata maumbo 59.049. Kama mmoja wetu angehesabu umbo moja kwa saa moja, saa 8 kila siku, bila Siku ya Bwana na bila likizo, angemaliza baada ya miaka 20 na zaidi. Na hiyo ni molekuli moja tu! Tena hatujaigeuza ndani ya shimo, na hatujafikiri kwamba enzimi yenyewe inatikisika. Ndiyo sababu tunahitaji mashine.

Mwaka 1982 Irwin Kuntz na wenzake wa chuo kikuu cha California, San Francisco, walitoa programu ya kazi hiyo, jina lake DOCK. Mwaka 1990 kikundi hicho kilitumia shimo la proteazi ya SIDA na kujaribisha ndani yake molekuli karibu 10.000 zilizojulikana tayari. Ordinatere ilionyesha moja inayofanana sana na haloperidol, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili. Hakuna aliyewahi kufikiri hivyo. Wakaweka haloperidol ndani ya tube pamoja na enzimi, na kweli iliizuia! Lakini kidogo sana. Ili kuzuia virusi ndani ya mtu, kipimo kingekuwa kikubwa mpaka dawa ingekuwa sumu. Vizuizi vilivyofaa baadaye vinashika proteazi kwa nguvu inayopita ile mara zaidi ya 100.000.

Kwa maoni yetu hadithi hiyo ndiyo jibu la neno la kwanza. Ordinatere ilisema: "Jaribuni hapa." Haikusema: "Hii ni dawa." Aliyesema ndiyo ao hapana ni tube.

Dawa zenyewe zilitokea kwa njia ndefu zaidi. Saquinavir ilikubaliwa Marekani Desemba 1995, ritonavir na indinavir Machi 1996. Tuchukue indinavir. Wana-kemia wa Merck walikuwa na molekuli iliyoshika enzimi vizuri, lakini haikuyeyuka vizuri katika maji, na dawa isiyoyeyuka haifiki katika damu. Walitazama kwa ordinatere namna molekuli yao na saquinavir zinavyokaa katika shimo, wakaona wanaweza kuunganisha kipande cha upande huu na cha upande ule. Kisha wakaitengeneza kwa mikono, wakabadilisha, wakapima, wakabadilisha tena. Mwishowe walipata dawa nzuri. Hata hivyo iliganda katika figo za wagonjwa wengine kama vijiwe, ikawa lazima wanywe karibu litre moja na nusu ya maji kila siku. Ordinatere ilipewa shimo la enzimi. Figo hakuna aliyeipa.

Faida yake lakini tusiidharau. Huko Marekani, vizuizi hivi vilipochanganywa na dawa nyingine, kiwango cha vifo vya SIDA kilishuka kwa 47% kati ya 1996 na 1997. Kwetu Afrika tulingoja. Mchanganyiko ule ulipita dola 10.000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ni Februari 2001 ndipo Cipla, kampuni ya India, ilitangaza mchanganyiko wa dola 350, nao haukuwa na kizuizi cha proteazi. Miaka ile kati ya 1996 na 2001, hesabu zilikuwa zimekwisha na dawa ilikuwepo. Wazee wetu wanakumbuka ni nani walizikwa.

Tunafika kwenye neno la pili: mwezi moja inatosha? Haitoshi, na sababu iko katika kadena yenyewe. Kizuizi hakiui virusi. Kinaziba shimo la mkasi. Mwili nao unatoa dawa inje: nusu ya indinavir ilikuwa imetoka katika damu baada ya saa mbili hivi, ndiyo sababu waliimeza kila saa 8. Tena virusi vinaficha maandiko yao ndani ya seli zetu, vinalala. Dawa ikiisha, seli ile inaamka, inatengeneza minyororo mipya na mikasi mipya.

Na mtu anayekunywa leo na kuacha kesho iko katika hatari nyingine. Virusi hukosea vikijiandika. Kosa moja likibadilisha ushanga wa 82, ulio kwenye ukuta wa shimo, kadena inapata umbo lingine, na ufunguo wa uongo haushiki tena. Dawa ikiwa kidogo katika damu, virusi vya namna hiyo vinapata nafasi ya kuzaana.

Siku hizi dawa wanayopewa kwanza wagonjwa wengi wa Kongo ina dolutegravir. Hiyo haifungi proteazi, inafunga enzimi nyingine ya virusi, integraze, na inakaa katika damu kupita indinavir. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Lakini ni kila siku.

Zoezi: molekuli ina viungo 12 vinavyozunguka, kila kimoja namna 3. Ordinatere inahesabu maumbo 1.000 kwa sekunde moja. Itamaliza kwa muda gani? Leteni kaye zenu Jumatano saa tisa, katika kalasi yetu. Mchoro wa proteazi na shimo lake tumeuacha kwenye ubao, tafadhali wanaofagia wasiufute.