Wakitaka Kututenga, Tusitengane
Somo kwa viongozi na familia zilizohama makwao



Katika somo hili tunaangalia jinsi taifa linavyoweza kusimama pamoja baada ya shambulio la kigaidi. Tumechagua mfano wa Kenya, kwa sababu watu wake wameshambuliwa mara nyingi, na kwa sababu wametenda mema na pia wamekosea. Yote mawili yanatufundisha.

1. Umoja wa siku za kwanza

Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji la Nairobi. Watu 213 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njiani. Siku hiyo hiyo watu 11 waliuawa Dar es Salaam. Jengo jirani la Ufundi lilianguka, na wapita njia wakaanza kuchimbua vifusi kwa mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza majeruhi ni wa kabila gani.

Tarehe 21 Septemba 2013, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Wakenya walipanga foleni ndefu kutoa damu. Wengine walituma michango kwa simu, wengine wakawapelekea askari chakula. Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, walioshindana katika uchaguzi wa mwezi Machi mwaka huo, wote wawili waliwaomba wananchi wawe kitu kimoja.

Huu ni umoja mzuri. Lakini tuseme ukweli: umoja wa siku za kwanza ndio rahisi. Mtihani mgumu huja baadaye, maiti wakishazikwa, hasira ikiwa imebaki na watu wakitafuta wa kumlaumu.

2. Kosa la kulaumu kundi zima

Mwezi Aprili 2014, baada ya mashambulio mengine, polisi wa Kenya walifanya msako mkubwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wanakoishi Wasomali wengi. Maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wachunguzwe. Walikuwamo wakimbizi waliokuwa wamekimbia vita kwao, na pia raia wa Kenya wenye asili ya Kisomali. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kuhusu vipigo na rushwa.

Ndugu zetu, ninyi mnaoishi kambini mnalielewa jambo hili kuliko wengine. Mtu amekimbia wauaji, halafu kule alikokimbilia anaitwa muuaji. Methali yasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini watu si samaki. Kila mtu ana jina lake na matendo yake. Tena, mtu anayeogopa kukamatwa bure hatakwenda kutoa habari hata akimwona adui halisi. Hivyo kulaumu kundi zima kunamsaidia adui.

3. Basi la Mandera

Tarehe 22 Novemba 2014, al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waliwatenga wasio Waislamu wakaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, waliwatafuta Wakristo wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi.

Kisha, tarehe 21 Desemba 2015, walisimamisha basi jingine lililokuwa likielekea Mandera. Wakaamuru tena Waislamu na Wakristo watengane. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Abiria wakawaambia wauaji: tuueni wote au tuacheni wote. Watu wawili waliuawa, lakini wengi wakaokoka. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa kutengwa. Alifariki Januari 2016.

Watu hao hawakuwa na silaha, wala hawakungoja amri ya serikali. Walielewa kwamba lengo la wauaji ni kututenga sisi kwa sisi. Walipokataa kutengana, walilivunja lengo hilo.

4. Na sisi Kongo?

Hata kwetu wauaji hutumia jina la dini. Katika eneo la Beni, kundi la ADF limeua Wakristo na Waislamu. Mwezi Mei 2021 maimamu wawili waliokuwa wakipinga wauaji hao waliuawa huko. Basi anayesema kwamba kila Mwislamu ni mwenzao, anawatukana marehemu hao.

Tunawashauri viongozi mambo manne:

- Habari ya shambulio ikifika, ulizeni kwanza: nani ameona kwa macho yake? Uvumi usitangazwe kanisani, msikitini wala sokoni.
- Wakuu wa dini na wa makabila yote waonekane pamoja siku hiyo hiyo, wakizika na kuwafariji wafiwa.
- Taja aliyetenda kosa, usitaje kabila lake. Mshukiwa apelekwe mbele ya sheria, asipigwe na umati.
- Baada ya miezi mitatu, rudini kwa wajane, yatima na majeruhi. Wasipokumbukwa, uchungu wao hugeuka kisasi.

Haya yaanze kabla ya hatari. Siyo rahisi kumkinga jirani ambaye hujawahi hata kumsalimu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kambi yetu, ni kundi gani linalolaumiwa haraka jambo baya likitokea? Kwa nini?
2. Kama tungekuwa ndani ya basi lile, nani angetukinga? Nasi tungemkinga nani?
3. Wiki hii tutamtembelea jirani gani ambaye hatujawahi kuingia kwake?

Mungu awalinde, na amani irudi makwetu.