Mzazi, Weka Simu Chini Umsikilize Kijana Wako

Kwa nini jambo hili ni la afya?
Kijana wa miaka 10 hadi 19 bado anahitaji kusikilizwa, hata akijifanya hataki. Akikueleza ya shuleni nawe unaitikia "enhe" huku macho yako WhatsApp, anajiona hana thamani. Tafiti kadhaa, nyingi zikiwa za China, zimeonyesha kuwa vijana wanaopuuzwa na wazazi kwa sababu ya simu huelekea zaidi kutawaliwa na simu na kuwaonea wenzao mtandaoni. Simu ya mzazi si chanzo pekee, lakini ina mchango wake.

Madhara haya hutokeaje?
• Kijana hutafuta wa kumsikiliza kwingine, hata mtu asiyemjua. Wapo wanaojifanya marafiki, wakaomba picha za utupu, kisha wakamtisha kwa picha hizo.
• Hasira ya kupuuzwa huimalizia kwa wenzake: matusi kwenye kundi la darasa, picha za kudhalilisha.
• Mzazi aliyezama kwenye simu hajui mwanawe anachati na nani.
• Kijana huiga anachokiona nyumbani.

Dalili za kuangalia
Huficha simu ukikaribia, hukesha, hubadilika ghafla baada ya kusoma ujumbe, hujitenga, au hataki tena kwenda shule.

Fanya hivi nyumbani
1. Wakati wa chakula cha jioni, simu zote ziwekwe kando, ya mzazi ikitangulia.
2. Kijana akianza kuzungumza, acha simu umtazame. Kama unaongea na mteja kwenye simu, mwambie kijana: "Nimalizane na huyu, kisha nakuja." Timiza ahadi.
3. Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, yako pia.
4. Akikosea mtandaoni, msikilize kabla ya kumwadhibu. Anayejua atanyang'anywa simu hatakwambia siku akitishwa.

Akitishwa au kudhalilishwa
Msimlipe anayetisha wala kumtumia picha nyingine. Msifute ujumbe, kwani ni ushahidi. Nchini Tanzania, pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Kanuni za simu usizozifuata wewe, kijana hatazifuata. Anza wewe, leo jioni.