Dhana na Yakini: Somo Kutoka Homa Bay na Migori



Mtu akishikwa na homa, akanywa dawa, kisha akapona, husema: "Dawa hii ndiyo iliyoniponya." Je, hiyo ni elimu au ni dhana? Ni dhana, kwani huenda angalipona hata kama hakuinywa. Ili dhana iwe elimu, hapana budi pawe na makundi mawili yenye hali moja katika kila jambo ila moja tu: hawa wamepewa dawa, na wale hawakupewa.

Njia hii si ngeni. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyeishi hadi mwanzo wa karne ya 4 ya Hijra, aliandika kuwa aliwatibu kwa kutoa damu wagonjwa wa kundi moja, na kundi la pili akaliacha makusudi, apate kupambanua. Hukumu yake juu ya kutoa damu haikubaliwi leo, lakini njia aliyoishika ndiyo ishikwayo hata sasa.

Natutazame lililotendeka katika nchi yetu. Baina ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, na Kilifi yetu ikiwamo. Wengine walipewa chanjo hiyo, wengine chanjo ya maradhi mengine. Wala mzazi wala mpimaji hakujua nani kapewa ipi, ili mapenzi na hofu visiharibu hesabu. Waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakatimiza mara 4, malaria yao ilipungua kwa sehemu 36 katika 100 kwa muda wa miaka 4.

Lakini pakazuka shaka. Kwa waliochanjwa, homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi, na vifo vya watoto wa kike vilevile. Je, ni chanjo au ni sadfa? Wataalamu hawakulificha jambo hilo, wala hawakulihukumu kwa haraka. Waliuliza tena, kwa watoto wengi zaidi.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ilianza kutolewa Homa Bay. Na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizoingizwa, kwani pande za ziwani ndiko malaria ilikokithiri. Ilipigwa kura: baadhi ya kaunti ndogo zikaanza, nyingine zikasubiri. Kusubiri huko ni kuzito kwa mzazi; lakini lau wote wangalipewa mara moja, shaka isingaliondoka.

Hesabu za Kenya, Ghana na Malawi zilipokusanywa, shaka zote mbili hazikuthibitika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo. Katika muda wa karibu miaka 4, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, visivyokuwa vya ajali, vilipungua kwa sehemu 13 katika 100. Mwaka 2023 waliosubiri nao wakaletewa.

Basi mwenye kusema chanjo hii huzuia malaria yote amezidisha, na chandarua kisiachwe. Na mwenye kusema haina faida amepunguza. Ukiletewa habari ya dawa barazani, muulize msemaji: Umelinganisha na nani? Ni watu wangapi? Na lau ungalikuwa umekosea, ungalijuaje? Asiyekuwa na jibu, hana ila dhana, na mtoto wa mtu hachezewi kwa dhana.