Kabla ya Kuchimba, Uliza Utakuta Maji Gani

Mbagala, Charambe, Tegeta au Bunju jijini Dar es Salaam, chini ya viwanja vingi kuna maji, na hilo si la kubishaniwa tena. Ukame wa 1997 ulipopunguza maji ya Mto Ruvu, jiji lilikimbilia visima, na uchimbaji haujakoma tangu hapo. Mchanga wa pwani hii hubeba maji katika matabaka mawili: la juu, linalopokea mvua na pia uchafu wa vyoo vya shimo, na la chini, linalokingwa kwa kiasi na udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo hasara ya mwenye kiwanja mara nyingi haitokani na kukosa maji, bali na kukuta maji ya chumvi au machafu baada ya kulipia kila mita. Upimaji wa ardhi kwa umeme una thamani kwa sababu hiyo.

Mpimaji hupigilia vyuma vinne ardhini kwa mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya ndani husoma volti; vya nje vikisogezwa mbali zaidi, umeme hupita kina zaidi. Mchanga mkavu huukinza sana, aghalabu kwa mamia ya omu-mita. Wenye maji matamu kwa makumi. Ulioingiwa na maji ya bahari, kwa omu-mita chache tu. Tatizo ni kwamba mfinyanzi nao husoma chini, na hapo ndipo wapimaji wenye haraka hukosea. Namba peke yake haitoshi: lazima ilinganishwe na kumbukumbu za uchimbaji na kiwango cha chumvi katika visima vya karibu. Mwulize mpimaji amelinganisha na kisima kipi. Kunduchi na Kigamboni, ambako pampu huweza kuivuta bahari kuelekea nchi kavu, ushauri wa "ongeza mita" unaweza kukufikisha kwenye chumvi.

Wengine husema kisima cha jirani kinatosha kuwa ushahidi, au kwamba mzee anayetafuta maji kwa kijiti hajawahi kukosea. Mzee huyo hupata maji kwa kuwa yapo karibu kila mahali; kijiti hakimwambii chumvi inaanzia wapi. Na tabaka la mfinyanzi linaloyalinda maji ya jirani linaweza kuishia kabla ya kufika kwako. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, hasa kwa anayenunua maji kwa madumu. Lakini mstari mmoja wa vipimo huweza kupita viwanja kadhaa, na majirani wakachangia. Upimaji huu hauoni vijidudu, kwa hiyo maji bado yapelekwe maabara. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka utaratibu wa vibali vya maji ya ardhini. Unapoomba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, wasilisha pia nakala ya vipimo na baadaye taarifa ya uchimbaji, maana mpimaji atakayekuja mtaani kwenu baadaye atahitaji kumbukumbu hiyo ili atofautishe mfinyanzi na chumvi.