SOMO LA USOMAJI: JE, BWANA MSA ANA RUHUSA YA KUKOSA?



Majuma haya kitabu kimoja kimepita mikononi mwetu hata jalada lake limeanza kulegea. Ni *Kosa la Bwana Msa*, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilitolewa mwaka 1984, lakini kwetu hapa Kitshanga ni kipya, kwa sababu kimetufikia nyuma ya ndugu zake. Tangu kifike, maneno hayaishi: ndani ya kalasi, kwenye robine, hata njiani. Wengine wanakisifu, wengine wanakikataa. Njo maana tumeona vema kuyapanga maoni hayo hapa na kuyapima moja moja, kusudi tujifunze namna ya kusema neno juu ya kitabu. Mambo ya ndani ya kisa hatutayafunua. Asiyesoma bado asinyang'anywe utamu wake.

1. Bwana Msa ni nani?

Mwandishi alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, Unguja, akafariki mwaka 1991. Alikuwa mtu wa magazeti; kwa miaka mingi alihariri gazeti la *Mkulima*. Kisa chake cha kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilishinda mashindano ya uandishi, kikachapwa mwaka 1960. Kisha vikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975) na *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976). Halafu kimya cha miaka 8, na ndipo kikatoka hiki. Hesabuni wenyewe: tangu cha kwanza, ni miaka 24.

Bwana Msa si polisi. Ni mpelelezi mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake ni Najum. Wengi wamewafananisha na Sherlock Holmes na Watson wa Uingereza. Mambo yenyewe ni mazito, ya kifo na udanganyifu, lakini msomaji anacheka, kwa sababu kila mtu kisani ana maelezo yake na anayaamini kabisa, naye Bwana Msa anavuta kiko na kuuliza tu.

2. Maoni tuliyosikia

*Oni la kwanza:* «Bwana Msa hawezi kukosa! Huyu mwandishi alikuwa amechoka.» Wenye kusema hivi ni wengi, na tunawaelewa. Mtu aliyempenda shujaa hataki kumwona akiteleza. Mwaka 1893 Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes katika kisa kimoja, wasomaji wakanung'unika sana, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Basi upendo wa wasomaji una nguvu. Lakini upendo si ushahidi. Tulipowauliza baadhi ya hawa rafiki ni ukurasa gani unaoonyesha uchovu wa mwandishi, tuligundua kwamba wamesoma jina lililo juu ya jalada, basi.

*Oni la pili:* «Ile Kiswahili ya Unguja ni nguvu sana.» Hapa kuna kweli. Chukueni neno moja tu, *mzimu*. Kwetu tukilisikia tunafikiri roho ya mtu aliyekufa. Kule pwani mzimu ni mahali: pango au mti mkubwa ambapo watu hupeleka sadaka kwa pepo. Asiyejua hilo anapotea tangu jina la kitabu cha kwanza. Lakini neno gumu si kosa la kitabu. Tuulize, tuandike maana pembeni ya daftari, tuendelee.

*Oni la tatu:* «Hiki kinapita vingine, kwa sababu mpelelezi naye ni mtu.» Sisi tunasimama hapa, na sababu yetu ni hii. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* maiti inaonekana penye mzimu, na ingekuwa rahisi kuwashitaki pepo na kurudi nyumbani. Bwana Msa anatafuta mkono wa mtu. Tangu mwanzo, basi, mfululizo huu unatufundisha kutoamini jibu la haraka. Ukitufundisha sasa kwamba hata mwalimu wa somo hilo anaweza kukosa, haujaliharibu somo. Umelifikisha mwisho wake.

Wanaosoma Tintin kwa Kifaransa wakumbuke *Les Bijoux de la Castafiore* (1963). Johari inapotea, Dupond na Dupont wanawashuku watu wa kuhamahama waliopiga kambi karibu, na mwisho inakutwa ndani ya kiota cha ndege. Tunacheka. Lakini wale walioitwa wezi, nani aliwaomba msamaha?

3. Faida yake kwetu

Huku kwetu mtu akipotelewa na mbuzi, jina la mwizi linatoka kinywani kabla hajaangalia kamba. Mtoto akigonjwa, mama mzee wa jirani anaanza kutazamwa vibaya. Tunajua neno la namna hiyo linafika wapi. Mwenye kulisema hana haja ya kuwa mbaya. Inatosha awe na uhakika kupita kiasi.

Kwa hiyo sheria ya kuhukumu kitabu na ya kuhukumu mtu ni moja: soma mpaka mwisho, onyesha ukurasa, sikiliza aliyesoma tofauti nawe, na ukionyeshwa jambo jipya, badilika bila haya.

4. Maswali ya kujibu

a) Je, shujaa anayekosa anapunguza utamu wa kisa au anauongeza? Toa sababu mbili kutoka kitabuni.

b) Tafuta mahali pamoja palipokuchekesha. Nani alikuwa na uhakika, na nini kilimdanganya?

c) Andika maneno matano ya Unguja ambayo hapa tunayasema kwa namna nyingine.

Majibu yaletwe kwa kamati ya gazeti hili. Hata maoni yanayopinga yetu tutayachapa, mradi yawe na ukurasa wake. Na yule mwenye kitabu kwa sasa, tafadhali akirudishe kabla ya siku ya posho. Wengine wanangoja.